Anayetapika ni Kinyozi

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hapa tu wazima, ukiacha mmoja ambaye nitamfikia. Mpe baba shikamoo yake, na umwambie ile redio aliyonitumia inashika stesheni moja tu, na stesheni yenyewe hutangaza hali ya hewa ya miji ambayo sina ndugu. Mwenye nyumba amepaka geti rangi upya. Rangi aliinunua dukani kwetu, nikamchanganyia kwa mikono yangu, na sasa ananilaumu kwamba geti limekuwa jekundu mno, kana kwamba mimi ndiye niliyemwambia alirudierudie.

Dhumuni la barua hii nalizunguka tangu mstari wa kwanza, na wewe unanijua, kwa hiyo nitalisema. Nina mimba. Mungu akipenda nitajifungua mwishoni mwa Agosti.

Sasa usipige simu. Nakuomba tuandikiane kama nilipokuwa shule ya bweni, kwa sababu kwenye simu jambo lenyewe lazima litamkwe, na mimi silitamki. Kwenye karatasi naweza kuliandika mara moja, nikaenda kunawa mikono, nikarudi kuendelea. Naogopa kutapika.

Nimerudi.

Si kwamba sipendi, Shangazi. Hakuna anayependa. Mimi naogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka, tofauti ni kwamba nyoka wangu anaweza kutoka ndani ya mtu yeyote, hata bwana harusi. Ndiyo maana sherehe yoyote nakaa karibu na mlango. Ndiyo maana maziwa nayanusa mpaka mwenye duka ananiuliza kama namtafuta ng'ombe aliyeyatoa. Kazini kwetu kuna rangi moja ya manjano inayoelekea kijani ambayo watu huipendea jikoni, nami kila wakiiulizia nawaambia imekwisha. Haijaisha. Makopo yamejaa stoo, na bosi anashika tama akijiuliza kwa nini rangi ile haitoki.

Miaka yote hii mama mkwe akiuliza mjukuu yuko wapi, namwambia tunasubiri nyumba iishe. Nyumba ni ya kupanga. Yeye ni mstaarabu, hakuuliza inaisha namna gani. Mtoto namtaka, Shangazi, kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Kilichokuwa kinanizuia ni ile miezi ya mwanzo, maana kila mwanamke niliyemuuliza alinisimulia ya kwake bila huruma, tena kwa mikono. Mwaka jana nikapiga moyo konde.

Na sasa sikia. Mimi sitapiki. Hata kichefuchefu sina. Anayetapika ni Kinyozi.

Kila asubuhi. Mume wangu, mtu mzima mwenye saluni yake na wateja wake, akinusa chai tu anatoka mbio. Daktari kamwambia huwatokea waume wengine, ajikaze, itapita. Yeye anaona amenitua mzigo, na kila akimaliza ananitazama kama mtu anayesubiri asante. Mimi wakati huo niko nje ya geti na mkoba wangu begani.

Nishauri. Wewe ndiye uliyenilea, na sijapata kukuona ukiogopa kitu.

Mwanao.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Baba yako nilipomsomea alikwenda uani, akarudi akisema moshi umemwingia machoni. Hatukuwa tumewasha moto. Redio anasema uielekeze dirishani. Mimi mzima, cherehani nzima, kazi imejaa. Nashona mapazia ya ukumbi wa mikutano. Madirisha yake ni marefu kupita kiasi, sijui walitaka kuchungulia nini huko juu.

Kuhusu hilo jambo lako. Upande wetu hatuna watu waoga. Babu yako alikuwa mchimba visima. Bibi yako aliwahi kumfukuza mwizi kwa mwiko, na kesho yake mwizi akaja kuomba radhi. Hofu ni kukosa shughuli. Mtu mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kuogopa. Jikaze kisabuni.

Hata hivyo nimekushonea vifuko, vimo katika kifurushi. Nje ni kitambaa cha pazia, ndani plastiki nene, mdomoni kamba. Kamba inavutika kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili mtu anakuwa ameshikilia ukuta. Plastiki nimechagua isiyopiga kelele, maana kelele ndiyo mbaya. Kitambaa ni kizito kisionyeshe, na nimekitia maua ili anayekitazama awaze maua. Mwambie mkwe wangu akivae shingoni. Kikishatumika kisifuliwe, kichomwe, na anayechoma asimame upande upepo unakotoka.

Usiniulize nimejuaje. Mshonaji lazima ajue matumizi ya mfuko.

Agosti nitakuja kukaa nawe, hilo halina mjadala, labda tu kama huu ukumbi utakuwa haujaisha.

Shangazi yako.


22 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Vifuko vimefika na vinafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Kinyozi anavaa kimoja saluni. Wateja wanadhani ni mtindo, na mzee mmoja ameulizia vinapatikana wapi. Wiki iliyopita alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mwalimu mkuu, harufu ya losheni ikampanda, akatoka. Aliporudi mwalimu mkuu alikuwa ameshaondoka vilevile, nusu msitu nusu uwanja, kuwahi mkutano wa wazazi. Nasikia hakuna hotuba iliyowahi kusikilizwa kwa makini kama ile.

Nyumbani tuliweka utaratibu. Kwa kuwa wakati ule hawezi kusema, nilimnunulia filimbi ya refa. Akihisi inakuja anapuliza, mimi natoka mguu niponye, yeye anaendelea na shughuli zake. Wazo lilikuwa langu na nililiona la akili. Asubuhi ya kwanza lilikwenda vizuri. Asubuhi iliyofuata majirani walikuja na marungu kumtafuta mwizi. Tangu hapo watoto wa mtaa wamezoea kwamba filimbi ikilia kwetu kuna mechi, wanajipanga timu mbili mbele ya geti, na Kinyozi akitoka anajifuta mdomo wanamdai penalti. Mimi sasa naogopa na filimbi pia. Juzi askari wa barabarani alipuliza yake, nikajikuta nimo ndani ya posta. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikanunua stempu iliyo kwenye barua hii.

Nimeanza kliniki. Kuna mkunga pale, mwanamke mfupi, havai viatu vya kawaida, anavaa mabuti ya mpira. Alinipa karatasi niandike nataka nini siku ya kujifungua. Niliandika mbele na nyuma nikaomba na nyingine. Akasoma yote akiwa amesimama.

"Hapa umeandika feni," akasema. "Umeandika kitanda kiwe karibu na dirisha. Umeandika mama wa kitanda cha pili awe mtu ambaye hajala. Mtoto umemwandika wapi?"

Nikatazama. Kweli, mtoto sikumwandika.

Nikamuuliza kama wanawake hutapika wakati wa uchungu. Akasema, "Wengine." Nikamuuliza ni wengine gani. Akasema, "Wale wanaotapika." Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Njoo mapema, Shangazi. Nimeandika jina lako kwenye nafasi ya msindikizaji. Wanaruhusu mmoja tu, na Kinyozi simwamini.

Mwanao.


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, barua yako nimekaa nayo. Baba yako ameifungua redio yake ili aone kwa nini inakoroma, sasa anasikiliza skrubu zilizobaki. Ukumbi umekwisha. Wamenipa kazi ya hoteli.

Nakuuliza mambo machache, ni kwa faida yako. Hicho chumba kina mlango mmoja au miwili? Unafungukia ndani au nje? Msindikizaji husimama upande wa kichwa au wa miguu, na akitaka kupumzika kidogo nje anaomba ruhusa kwa nani? Na hayo mabuti ya mkunga, anayavaa kwa sababu gani hasa?

Kuhusu safari. Nasikia mabasi ya huko siku hizi yana kiyoyozi na madirisha hayafunguki. Mtu wa umri wangu hawezi kufungiwa na watu hamsini waliokula stendi. Hilo si woga, ni afya. Halafu goti limeanza. Halafu kuna kuku anaatamia, na baba yako hawezi kuachiwa kuku. Tutaona.

Kula vizuri, lakini usile sana.

Shangazi yako.


14 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti, na pole na kuku. Kinyozi amepona. Siku moja aliamka, akanywa chai, akaomba nyingine, na sasa anakula kama mtu anayelipiza kisasi. Filimbi tumewapa watoto.

Nilikwenda kwa daktari kumwomba upasuaji. Nilijipanga kama wakili. Nikamwambia nilale, nizinduke, nikabidhiwe mtoto. Akanisikiliza vizuri kabisa, ni kijana mpole, akasema mwili wangu hauna sababu ya kupasuliwa, na kwamba hata huko kwenye upasuaji wapo wanaotapika. Shangazi, kila mlango ninaoufungua nakuta beseni nyuma yake.

Nikarudi kwa mkunga kwa sababu sikuwa na pengine. Safari hii alikaa chini. Akaniambia dawa ya kuzuia ipo, nitapewa mapema, ataliandika hilo kwenye faili langu kwa wino mwekundu. "Ukitapika," akasema, "utatapika, utafuta mdomo, utaendelea. Hakuna mtu aliyebaki humo." Kisha akaniambia nisingoje Agosti, nianze mazoezi sasa, kidogo kidogo, na kitu kidogo ninachokikimbia. Nikaanza na ile rangi. Nilifungua kopo nikasimama nalo. Siku ya kwanza niliangalia kifuniko tu. Baadaye nikaweza kuikoroga. Wiki jana nikamchanganyia mama mmoja ndoo nzima, na bosi akanipongeza mbele ya wenzangu bila kujua ananipongeza kwa nini.

Kwa hiyo usifikiri nimekaa tu nalia. Lakini kuna kitu sijakwambia.

Mtoto wa jirani, yule mdogo anayeanza kuongea, alitapika kwenye kibaraza chetu. Nilikuwa naye mimi, mama yake alikuwa anaanika nguo. Alishtuka, akaninyooshea mikono yote miwili nimbebe. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikamsikia analia upande wa pili, anagonga na kiganja, mpaka mama yake alipofika. Mama yake hakunilaumu, alidhani ni mimba. Mimi najua si mimba.

Yule hakuwa wangu, Shangazi. Wangu nitamfanya nini? Sasa siogopi tena ile miezi ya mwanzo wala siku ya kuzaa. Naogopa nitamzaa mtoto halafu nimkimbie. Nilivyomtaka kiasi hiki, aje agonge mlango na mimi niko upande wa pili nimeushikilia.

Njoo. Usiniletee tena habari za goti. Nataka kukaa na mtu aliyeweza.

Mwanao.


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimia. Vifaranga wametoka. Nimekushonea mapazia ya chumba cha mtoto, nitayatuma na kifurushi.

Hakuna mama anayemkimbia mwanawe. Hilo liache.

Goti limezidi. Sitaweza kuja. Mwandike mama mkwe wako kwenye hiyo nafasi, na usiniulize tena.

Shangazi yako.


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika mwisho nikikumbuka.

Juzi nilimuuliza Kinyozi, ulipokuwa mdogo ukiumwa tumbo mama yako alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anamshika paji la uso na kumpapasa mgongo. Nikamwambia sisi kwetu ilikuwa tofauti. Kwetu mgonjwa anapewa beseni, Shangazi anatoka uani, anafunga mlango, anaimba kwa sauti kubwa mpaka mgonjwa amalize. Kinyozi akaacha kula.

"Anaimba nje?"

"Ndiyo, nje. Wimbo unavuta ugonjwa utoke. Ukiimbiwa ndani hautoki, unazunguka mle mle."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Shangazi."

Nikaona anataka kucheka na anaogopa. Kesho yake nikamuuliza bosi, kwao hawaimbi. Nikamuuliza mkunga, ambaye amezalisha nusu ya mji huu, akaniambia katika miaka yake yote ya kazi hajasikia dawa hiyo, nirudie tena jinsi mlango ulivyokuwa unafungwa. Na mimi mjinga niko hapo nimesimama namweleza kwamba lazima komeo liingie, la sivyo haifanyi kazi.

Ndipo vikaja vingine vyote kwa pamoja. Kamba inayovutika kwa mkono mmoja. Plastiki isiyo na kelele. Watu hamsini waliokula stendi. Mlango unafungukia ndani au nje. Shangazi, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu nikiwa na meno ya utoto, ukaniambia hofu ni kukosa shughuli, na nusura niamini mpaka naingia kaburini.

Siandiki kukulaumu. Nataka ujue nilivyoyaona mimi, kwa sababu nadhani hujui. Mama alipofariki na baba yuko safarini kikazi, nilikuwa nikiumwa nasikia komeo, halafu nasikia wimbo. Uliimba kila kitu ulichokijua, na ulipoishiwa uliimba bei za vitambaa. Nilikuwa nahesabu kwamba mradi unaimba hujaenda mbali. Sijawahi, hata siku moja, kuhisi nimekimbiwa. Nilijiona mtoto wa bahati, ninayeimbiwa.

Nimekaa na jambo hilo tangu juzi, na naona limenisaidia kuliko dawa ya mkunga. Kumbe mtu anaweza kuogopa kiasi hicho na mtoto asijue kingine ila kupendwa. Njoo, Shangazi. Chumba cha kujifungulia kina dirisha linalotazama bustani. Kaa huko nje uimbe. Mimi nitakusikia.

Baba mpe shikamoo. Mama mkwe mzima.

Mwanao.


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sijui unazungumzia nini. Mimi napenda kuimba tu, na uani kuna hewa.

Goti limepata nafuu. Kuna dereva wa lori la magodoro, ni mteja wangu, nilimshonea mapazia alipooa. Habebi abiria, mbele ni yeye na mimi tu, na dirisha ni la kuzungusha kwa mkono. Nimemuuliza kama huwa anaugua safarini, akasema hapana. Nilimuuliza tena na tena, mpaka mwisho akasema sasa naanza kujisikia vibaya mama, tafadhali. Nikaacha. Nitafika tarehe 18 Agosti. Msipike kitu chenye mafuta.

Hilo dirisha la bustani lina urefu gani?

Shangazi yako.


11 Septemba

Mwanangu,

Nimefika salama kwa lori lile lile. Baba yako ameweka picha ya mtoto juu ya redio na haruhusu mtu kuongeza sauti, anasema atamwamsha. Mtoto ni mzuri, kichwa ni cha upande wetu, masikio ni ya kina Kinyozi lakini yatazoeleka. Mapazia niliona yanavutia kushoto. Mwambie mkwe wangu akishushe kile chuma kidogo.

Kuhusu lililotokea katika chumba kile, sikumbuki vizuri. Kulikuwa na joto. Mwambie mkunga nasikitika kuhusu mabuti.

Shangazi yako.


25 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mtoto anakua, ana nguvu za kulia kama mnadi. Chuma kimeshushwa, sasa mapazia yanavutia kulia. Mwenye nyumba alikuja kumtazama mtoto, akakaa, akaondoka bila kutaja geti.

Kwa kuwa wewe hukumbuki, nitakuandikia mimi, maana sitaki lipotee.

Ulianza vizuri, ukiwa bustanini chini ya dirisha. Nyimbo tano hivi zilikwenda bila tatizo. Halafu wodi nzima ikaanza kukuagizia. Mama wa kitanda cha pili, uchungu umemshika, anapiga kelele kwamba huo urudie, na walinzi wamekuja kusikiliza. Kinyozi alikuwa korido akiwanyoa waume wenzake bure ili mikono isitetemeke, naye akawa anaitikia kiitikio. Mkunga akafungua dirisha akasema, "Mama, ama uingie ama uende, hapa si ukumbi." Nikasikia kimya. Nikajua umekwenda. Sikukulaumu, nikaendelea na kazi yangu.

Kisha mlango ukafunguka ukaingia.

Ulisimama umeegemea ukuta kama pazia lililokunjwa. Mkunga akakwambia kichwa kinaonekana, njoo umwone mjukuu. Ulikuwa na haki ya kukataa. Ukaja, ukaangalia, ukageuka rangi ile ninayoijua mimi kwa namba yake ya kopo, ukashika chuma cha kitanda changu, na ukatapika juu ya mabuti ya mkunga. Nimeandika, na sijakwenda kunawa.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yako na hukuukimbilia. Mimi nisingeweza kukimbia hata ningetaka, mtoto alikuwa njiani. Nikanyoosha mkono nikakushika paji la uso. Lilikuwa la baridi na limelowa. Nilikwambia pole Shangazi, toa tu, toa yote. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuwa nimewahi kuisikia. Mkunga akatazama chini, akatazama juu, akasema katika kazi yake hajaona mzazi akimhudumia msindikizaji, na kama nimemaliza anaomba sasa nisukume. Nikasukuma. Mkono wangu ulikuwa bado uko kichwani mwako mtoto alipotoka.

Watu wananiuliza kama mimi nilitapika. Sikutapika. Nimejiandaa mwaka karibu mzima kwa jambo lililowapata wengine, kwanza mume, halafu shangazi. Hofu bado ninayo, usifikiri imekwisha. Maziwa bado nayanusa. Mkunga anasema niendelee na mazoezi, na nimekwisha maliza makopo yote ya stoo, nusu ya mtaa sasa ina jiko la rangi ile. Naandika huku mtoto yuko begani, amenyonya sasa hivi, na naona kama anataka

Nimerudi. Amecheua. Begani kwangu, shingoni, na kwenye karatasi, ndiyo hiyo alama hapo juu, samahani. Nikwambie ukweli wote. Nilipohisi ule uvuguvugu shingoni nilisimama nikatoka mbio. Nilipita sebuleni, nikapita uani, nilipofika getini ndipo nikagundua nimemkimbia nikiwa nimembeba. Tukasimama hapo wote wawili. Yeye alikuwa ananitazama tu. Nikamfuta mdomo kwa kanga, nikajifuta mimi, tukarudi ndani.

Mwanao.


12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua alinisomea baba yako, yeye ndani, mimi uani, komeo limeingia. Alipofika kwenye alama akaacha kusoma. Nikamwambia aipitishe chini ya mlango. Akasema una hakika? Nikamwambia apitishe.

Ni maziwa tu. Nimeinusa. Baadaye nikanawa mikono, halafu nikaona vibaya kwamba nimenawa, nikaishika tena.

Nilitoka uani kila ulipoumwa kwa sababu nisingeweza kusimama pale. Nilikuwa naimba kwa nguvu ili nisikusikie. Kwamba wewe ulikuwa unanisikia mimi, hilo sikulijua mpaka uliponiandikia Julai. Nililia sana siku ile, nikamwambia baba yako ni moshi.

Akija kuumwa tumbo, huyo mdogo, usingoje kuniandikia. Piga simu, na ulitaje hilo jambo kwa jina lake nisikie. Nitakuja kwa usafiri wowote utakaokuwepo, na nitaingia ndani.

Shangazi yako.